Maswali ya wasomaji: waigizaji waliochongwa kwenye shaba, kuanzia Garrick mpaka Ira Aldridge

Jamani asanteni kwa meseji. Toleo lililopita tuliweka ile picha ya David Garrick, mwigizaji maarufu wa Uingereza wa karne ya 18, akiwa mfalme Richard wa Tatu wa kwenye mchezo wa Shakespeare, kashtuka usiku ndani ya hema, na tangu hapo maswali hayajakata, wengine wanauliza kuhusu waigizaji wenyewe, wengine wana picha za namna hiyo nyumbani na hawajui wazifanyie nini. Nimechukua machache yanayoshikana nikayajibu pamoja, na lile la mwigizaji wa Nairobi nimelipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu linagusa mtu ambaye natamani kila msomaji wetu amjue.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naishi Leicester huku Uingereza, nimenunua kwenye soko la mitumba picha ya zamani ndani ya fremu. Ni mwanamke kakaa kwenye kiti kama cha enzi, kavaa gauni zito na lulu, nyuma yake wamesimama watu wawili wa kutisha gizani, mmoja ana kisu mwingine ana kikombe. Chini kuna maandishi madogo sana, nimeweza kusoma Reynolds, Haward na 1787. Muuzaji hakujua chochote. Ni nani huyu mama, na picha ni ya kweli au ni kopi?

JIBU: Ndugu yangu wa Leicester, huyo mama ni Sarah Siddons, na kwa maelezo hayo hamna shaka kabisa. Alizaliwa Brecon kule Wales mwaka 1755 kwenye familia ya waigizaji wa kutembea mji hadi mji, akajaribu London mara ya kwanza msimu wa 1775 akiwa na Garrick mwenyewe ikashindikana, akarudi mikoani akakomaa huko, halafu Oktoba 1782 akapanda tena jukwaa la Drury Lane, ukumbi mkubwa wa London, na safari hii mji mzima ukamlilia, watu walikuwa wanatoka ukumbini macho mekundu. Kwenye tanzia hapakuwa na wa kumfikia kwa miaka thelathini iliyofuata.

Joshua Reynolds alimchora kwa rangi za mafuta akamwonyesha kwenye maonyesho ya Royal Academy mwaka 1784, na hapo sio kwamba anaigiza mchezo fulani, kamchora kama ndiye roho yenyewe ya tanzia, yuko juu ya mawingu, na wale wawili nyuma yake ndo Huruma na Hofu. Jina lake Reynolds aliliandika kwenye pindo la gauni, na inasemwa kwamba alimwambia Siddons anataka kukumbukwa na vizazi vijavyo kupitia pindo hilo. Mchoro mkubwa leo uko jumba la sanaa la Huntington, San Marino, California, na mwingine wa 1789 uko jumba la picha la Dulwich, London, kwa hiyo ukipata nafasi siku moja panda treni ukausimamie mbele.

Sasa hiyo yako ni kazi ya mtu mwingine. Mwaka 1787 Francis Haward alikaa na bamba la shaba akauhamisha mchoro wote wa Reynolds kwa mkono, akauchonga kwa nukta nukta ndogo maelfu, halafu bamba likapakwa wino, likafutwa wino ukabaki kwenye vishimo tu, likawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa kwenye mashine ya kubana kwa nguvu. Kila karatasi iliyotoka ni chapa, na hizo ndo watu wa kawaida walinunua wakaning'iniza ukutani, maana mchoro wenyewe ulikuwa wa matajiri.

Maandishi ya chini usiyadharau hata kidogo, mi huwa nayasoma kabla hata sijaangalia sura. Kawaida kushoto ni jina la aliyechora, kulia ni jina la aliyechonga, na katikati au chini kabisa ni jina la muuzaji, anuani ya duka lake na tarehe. Tarehe ilikuwepo kwa sababu ya sheria, mwaka 1735 mchoraji William Hogarth na wenzake waliokuwa wamechoka kuibiwa kazi zao walilibana Bunge la Uingereza mpaka likapitisha ulinzi wa miaka 14 kwa mwenye bamba, mwaka 1767 ikaongezwa ikawa 28, na ili ulindwe lazima tarehe na jina la mwenye mali vionekane kwenye chapa. Lakini kumbuka hiyo ni tarehe ya bamba kutolewa mara ya kwanza, bamba la shaba linaweza kuuzwa, mtoto akarithi, mfanyabiashara mwingine akalinunua na kuchapa tena miaka mingi baadaye na 1787 ikabaki palepale.

Kuhusu kweli au kopi, itoe kwenye fremu kwa uangalifu, chukua kioo cha kukuza, angalia shavu la mama. Kama nukta zimepangwa kwa mistari iliyonyooka zote zinafanana mpangilio mmoja, hiyo ni picha ya kiwanda iliyopigwa kamera kisha ikachapwa, ni ya mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Kama nukta ni za ovyo ovyo, nyingine ndefu nyingine duara, zimesongamana kwenye kivuli na kutawanyika kwenye mwanga, basi hapo mkono wa mtu umepita. Alafu tafuta alama ya bamba, kijibonde kinachozunguka picha yote pale bamba lilipobana karatasi. Ukiona haipo usikate tamaa, watu wa zamani walikuwa na tabia ya kukata kingo, hasa baada ya 1769 ilipoanza fasheni ya kukusanya sura za watu maarufu na kuzibandika ndani ya vitabu. Na tafadhali, usibandike selotepu, usitundike panapopigwa na jua, na ile kadi ya kahawia ya nyuma ya fremu itoe, ina asidi inayokula karatasi taratibu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuoni hapa Dar, nasoma sanaa za maonyesho. Ukiangalia hizi picha waigizaji wametoa macho, mikono juu, vidole vimetanuka. Je ndivyo walivyosimama jukwaani kweli, au mchoraji aliwapanga tu studio? Naweza kuzitumia kama ushahidi kwenye utafiti wangu?

JIBU: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili na jibu lake ni kwamba unaweza, ila ujue unachukua kipi na unaacha kipi.

Chukua hiyo ya Garrick. Tarehe 19 Oktoba 1741 kijana wa miaka 24 aliyekuwa kwenye biashara ya mvinyo na kaka yake alicheza Richard wa Tatu kwenye ukumbi mdogo wa Goodman's Fields, tangazo halikumtaja hata jina, na usiku mmoja ule ukabadilisha namna Waingereza wanavyoigiza. Hogarth akamchora miaka michache baadaye, turubai la mita mbili na nusu kwa upana, akalipwa pauni 200 na alijisifu sana kwa hilo, leo liko Walker Art Gallery, Liverpool, na mwaka 1746 Hogarth akishirikiana na Charles Grignion wakatoa chapa yake. Ni ule usiku kabla ya vita, mizimu ya watu aliowaua imemtokea ndotoni, kaamka anatetemeka. Sasa tazama mazingira, kule mbali kuna kambi na askari wamekaa kwenye moto, juu kuna anga halisi, hamna mishumaa ya jukwaani, hamna pazia, hamna mtazamaji hata mmoja. Mazingira yote hayo Hogarth kayatoa kichwani. Ukiandika kwenye utafiti kwamba jukwaa la Goodman's Fields lilikuwa hivyo utakuwa umepotea.

Lakini mkono, mwanangu. Ule mkono ulioinuliwa na vidole vimeachana, hiyo ni mali ya Garrick. Tunajuaje? Mwaka 1754 mchonga bamba James McArdell alitoa chapa ya Garrick akiwa Hamlet anapoona mzimu wa baba yake, kutoka kwenye mchoro wa Benjamin Wilson, mikono imetanuka hivyohivyo. Miaka kama ishirini baadaye, mwanafizikia wa Kijerumani Georg Christoph Lichtenberg alikaa ukumbini London akamwona Garrick kwenye tukio lilelile, akaandika barua nyumbani akielezea kila kiungo, kwamba Hamlet anageuka ghafla, anarudi nyuma hatua mbili tatu magoti yanalegea, kofia inaanguka chini, mikono yote inanyooka na mkono wa kushoto unafika usawa wa kichwa, vidole vimeachana, mdomo wazi, na anabaki ameganda hivyo mpaka hofu inawaingia watu kabla hajafungua mdomo. Umeona? Shahidi ambaye hakuuza picha wala hakuchora anasema kilekile kinachosemwa na chapa. Wewe ukiwa na vitu viwili namna hiyo vinavyoshuhudiana, hapo unasimama vizuri mbele ya msimamizi wako.

Na huko kuganda kulikuwa ni sehemu ya sanaa yenyewe. Mwigizaji alijenga tukio mpaka kwenye kilele, anasimama, ukumbi unapiga makofi, ndipo anaendelea. Wachoraji walichagua sekunde hizo hizo kwa sababu ndizo wateja walizikumbuka, mtu aliyemwona Garrick anataka kununua ile sekunde aliyoshtuka nayo, hataki dakika ya kawaida ya mazungumzo.

Mavazi nayo ni ushahidi mzuri. Johan Zoffany alimchora Garrick akiwa Macbeth na Hannah Pritchard akiwa Lady Macbeth, yaani mke wake, Valentine Green akaitoa chapa 1776, mwaka huohuo Garrick alistaafu na Pritchard alikuwa ameshafariki miaka minane nyuma. Macbeth ni jemadari wa Uskoti wa karne ya 11, ila humo ndani Garrick kavaa koti na suruali za magoti za bwana wa London wa siku zake, na hakuna aliyeshangaa, ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jambo moja picha haziwezi kukupa, nalo ni mabadiliko ndani ya tukio. Mfano wangu ni Siddons tena. Kwenye tukio la Lady Macbeth anatembea usingizini na kujaribu kuosha damu isiyotoka mikononi, Pritchard alikuwa anashika mshumaa mwanzo mwisho, watu wakazoea, ikawa kama sheria. Siddons alipojiandaa kulicheza Februari 1785 akaona haiwezekani mtu anayeosha mikono awe ameshika mshumaa, lazima auweke chini. Sheridan aliyekuwa anaongoza Drury Lane akamfuata mpaka chumba cha kuvalia usiku wenyewe wa onyesho kumbembeleza asifanye hivyo, watu watakasirika. Akakataa. Akauweka mshumaa mezani, akaosha mikono yake yote miwili, na mwisho Sheridan mwenyewe akakiri kwamba mama alikuwa sahihi. Alipoaga jukwaa tarehe 29 Juni 1812 alicheza nafasi hiyohiyo, na lilipoisha tukio la kutembea usingizini watazamaji wakagoma mchezo usiendelee, waliona hakuna tena cha kuona baada ya pale. Hiyo historia yote ya mshumaa kushuka kutoka mkononi mpaka mezani unaipata kwenye maandishi yake Siddons, chapa inakupa mkono tu. Kwa hiyo soma picha na barua na magazeti kwa pamoja, usitumie kimoja peke yake.

SWALI: Kwa nini nyingi ni nyeusi hivyo, kama zimepigwa usiku? Na niliona moja ya Richard wa Tatu imebandikwa vikaratasi vinavyong'aa, nani aliiharibu?

JIBU: Weusi ule ni makusudi, ufundi wake unaitwa mezotinti, uliibuliwa na Ludwig von Siegen mwaka 1642 na Waingereza wakaufanya wao. Fundi anachukua chuma chenye meno kama nusu duara, anakiyumbisha juu ya bamba zima huku na huku mpaka shaba yote inakuwa na vinyweleo, ukilichapa hapo linatoka jeusi tii. Kisha anaanza kukwangua na kulainisha pale anapotaka mwanga, shavu, jicho, ncha ya kisu, yaani sura inatolewa gizani kidogo kidogo. Kwa matukio ya mizimu na mauaji ya usiku hakuna njia inayoifikia. Tatizo vinyweleo vinalika haraka kwenye mashine, chapa za mwanzo zinang'ara na za mwisho zinakuwa kijivu kijivu, ndo maana chapa mbili za bamba moja zinaweza kutofautiana bei sana.

Hiyo yenye kung'aa haijaharibiwa na mtu. Mwanzoni mwa karne ya 19 maduka ya London yaliuza picha za waigizaji kwa bei ya watoto na mafundi wa mtaani, peni moja isiyo na rangi, peni mbili yenye rangi, na watu walinunua vipande vya madini membamba na vitambaa wakapamba nyumbani deraya, taji na upanga. Ni kazi ya usiku mwingi ya mtu aliyempenda mwigizaji wake. Ukiipata itunze hivyohivyo ilivyo.

SWALI: Niaje mhariri. Mi ni mwigizaji, niko na kikundi chetu hapa Nairobi na mwaka huu tunataka kuweka Othello. Nimetafuta picha za zamani za watu waliocheza Othello naona ni wazungu watupu wamejipaka rangi usoni. Kweli hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyechongwa?

JIBU: Alikuwepo, na alikuwa mkubwa. Anaitwa Ira Aldridge.

Kazaliwa New York tarehe 24 Julai 1807, kasoma African Free School iliyokuwa ya watoto weusi, na akiwa bado kijana mdogo akaonja jukwaa kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1820 watu weusi wa New York walikuwa na kikundi chao kilichocheza Shakespeare kwenye ukumbi wa African Grove, na waliandamwa sana kwa kuthubutu hivyo. Aldridge akaona Marekani hana pa kusimama, akavuka bahari. Mwaka 1825 yuko London anacheza Othello na hajatimiza hata miaka 18.

Mwaka uliofuata mchoraji mzee James Northcote akamchora kichwa na mabega akiwa Othello, uso umegeuka pembeni, macho yanatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Ni picha nzuri mno. Ikanunuliwa 1827 na Royal Manchester Institution ikiwa ni kitu cha kwanza kabisa kuingia kwenye mkusanyiko wao, na bado iko Manchester Art Gallery. Angalia sasa jina la mchoro, ni Othello, Mmoor (yaani mtu mweusi) wa Venisi. Kijana mwenyewe aliyekaa akachorwa hatajwi.

Kisha ikaja 1833. Edmund Kean, aliyekuwa ndiye Othello wa nchi nzima, na ambaye ndiye aliyeleta mtindo wa kujipaka kahawia hafifu badala ya nyeusi, alianguka jukwaani Covent Garden, ukumbi mwingine mkubwa wa London, tarehe 25 Machi katikati ya Othello, mikononi mwa mwanae Charles aliyekuwa anacheza Iago, adui yake Othello, na Mei akafariki. Covent Garden ikamwita Aldridge. Akapanda tarehe 10 Aprili, na mke wa Othello, Desdemona, alichezwa na Ellen Tree, watazamaji wakampigia makofi, lakini baadhi ya magazeti ya London yakamwandikia maneno ya aibu, kubwa waliloshikilia ni kwamba eti mwanamke mzungu anashikwa na mtu mweusi hadharani. Huo ni mwaka uleule Bunge la Uingereza linapitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni, wenye mashamba ya watumwa wanapigana mpaka dakika ya mwisho, na hapo kwenye jukwaa la heshima kabisa anasimama mtu mweusi anazungumza Shakespeare kuliko wao. Alicheza usiku mara mbili tu Covent Garden basi. Milango mikubwa ya London ikafungwa, akazunguka mikoani, Ireland, Uskoti, miji midogo, miaka na miaka.

Ndo sasa tunafika kwenye chapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 kampuni ya John Tallis ya London ilikuwa inatoa mfululizo wa waigizaji wa Shakespeare, na njia yao ilikuwa mpya, mwigizaji anavaa mavazi yake anakwenda studio ya Paine kule Islington anapigwa picha ya dagerotipu, zile za mwanzo kabisa za kamera kwenye bamba lililopakwa fedha, halafu mchongaji anaihamishia picha ile kwenye bamba la feleji, yaani chuma kigumu. Chuma kilianza kutumika miaka ya 1820 na hakiliki upesi kama shaba, unachapa maelfu. Aldridge yumo kwenye mfululizo huo, yuko wima, upanga mkononi, na chini yake maandishi makubwa yanaanza na jina lake, bwana Ira Aldridge, akiwa Aaron.

Aaron ni yule mtu mweusi wa kwenye Titus Andronicus ambaye kwa Shakespeare ni mwovu wa kutupwa, na Aldridge mwishoni mwa miaka ya 1840 alishirikiana na mwandishi C. A. Somerset wakaupangua mchezo mzima mpaka Aaron akawa shujaa. Mstari uliochapwa chini ya picha nao ni wa kusoma mara mbili, ni pale wanapotaka kumuua mtoto wake mchanga kwa sababu kazaliwa mweusi, naye anasema atakayemgusa mwanawe wa kwanza na mrithi wake atakufa kwa ncha ya upanga huu. Mimi kila nikiona chapa hiyo nawaza mstari huo ndo uliochaguliwa kati ya mistari yote ya Aaron, na umeingia kwenye nyumba nyingi za Waingereza waliokuwa wanafungua kitabu sebuleni. Mchoro wa Manchester ulikuwa mmoja na ulibaki ukutani bila jina, hii ya Tallis ilitawanyika na jina liko juu ya karatasi, hakuna wa kulifuta.

Mwaka 1852 akavuka kwenda bara la Ulaya na huko mambo yakageuka kabisa. Mfalme wa Prussia akampa medali ya dhahabu ya sanaa na sayansi, kule Hungaria Miklós Barabás akamtengenezea sura yake kwa chapa ya mawe, inayochorwa kwenye jiwe badala ya bamba, mwaka 1853, na mwaka 1858 akafika Saint Petersburg akicheza Othello na Shylock (yule Myahudi mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi) na mfalme Lear, hao wengine akijipaka yeye mekapu nyeupe, alizungumza Kiingereza na wenzake jukwaani wakijibu kwa lugha yao na watu walikuwa wanalia hivyohivyo. Huko akakutana na Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine aliyezaliwa mtumwa wa shamba, akakombolewa 1838, akafungwa uhamishoni miaka kumi kwa sababu ya mashairi yake. Hawa wawili hawakuwa na lugha moja, binti wa nyumba ya mwenyeji wao akawa anawatafsiria, na Shevchenko akakaa akamchora Aldridge kwa mkono. Na uzuri zaidi, Shevchenko mwenyewe alikuwa mchonga bamba, mwaka 1860 chuo cha sanaa cha kifalme kikampa cheo kwa kazi hiyohiyo ya kuchonga.

Aldridge alifariki Łódź, Poland, tarehe 7 Agosti 1867 akiwa safarini kikazi, wakati huo anapanga kurudi kucheza Marekani baada ya vita ya kukomesha utumwa kule, hakuwahi. Kaburi lake liko Łódź mpaka leo. Binti yake Amanda alikuwa mwimbaji na mwalimu wa sauti, na Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani, alipojiandaa kucheza Othello London mwaka 1930 alikwenda kusoma matamshi kwake. Kwa hiyo mstari haujakatika, kutoka kwa Ira mpaka kwa Robeson kupitia mtoto wa Ira mwenyewe.

Tahadhari moja kabla hujaandika kwenye programu yenu ya onyesho. Utakuta kwenye matangazo na vijitabu vya zamani wanasema alikuwa mjukuu wa mfalme kutoka Senegal. Hiyo ilikuwa ni biashara, mtu mweusi wa Marekani hakuuza tiketi kama mwana wa mfalme kutoka Afrika, na mi simlaumu hata kidogo kwa kulitumia, ila nyie andikeni New York. Na kwa mavazi na kusimama, tumieni hizo chapa zake mbele ya zile za wengine, mna Othello wenu wa kweli.

SWALI: Mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nasoma na wanafunzi wangu Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Nataka niwaonyeshe Shylock wa zamani. Nipate wapi, na nimchague yupi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mchague Edmund Kean. Kabla yake Shylock alichezwa na ndevu na nywele nyekundu, mtu wa kuchekwa au wa kuchukiwa tu, mchezo wenyewe kwenye orodha umewekwa kwenye komedi. Tarehe 26 Januari 1814 Kean, mtu mfupi mwenye macho makali ambaye London haikumjua, akaingia Drury Lane iliyokuwa inakaribia kufilisika, ukumbi haujajaa, kavaa ndevu nyeusi, na akamfanya Shylock kuwa binadamu aliyeumizwa mpaka akawa hatari. Asubuhi yake magazeti yalimtangaza na ukumbi ukapona. Kuanzia hapo Shylock akawa wa tanzia.

Kuzipata hamna gharama, British Museum ya London na maktaba ya Folger ya Washington wameweka chapa zao mtandaoni na kuzitazama ni bure, andika jina la Kean na la Shylock kwenye sehemu ya kutafutia. Chagua iliyochapwa mstari wa mchezo chini yake, ikuze ubaoni kama mna projekta au ichapishe karatasi kubwa, kisha wape wanafunzi kazi ya kuutafuta mstari huohuo kwa Kiswahili kwenye kitabu cha Nyerere, waseme Shylock hapo anamwambia nani na nini kimetoka kutokea.